CHURA: UMBO LAKE, MAKAO YAKE NA MWENENDO WAKE
Ufafanuzi kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa visiwa na mwambao wa Ziwa Victoria



Kila zinapoanza mvua za vuli, na tena wakati wa masika, vyura huonekana kwa wingi katika nyua za nyumba, kandokando ya ofisi, chini ya taa za barabarani na katika mitaro ya maji. Wakati huo huo huonekana pia vyura waliouawa: waliomwagiwa chumvi, waliopigwa mawe, au waliofukiwa pamoja na vidimbwi vyao. Wengi wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Kwao chura ni chura tu. Akifukuzwa hapa atakwenda pale, na dimbwi likifukiwa atatafuta jingine.

Dhana hiyo si sahihi. Kwa hakika mwili wa kila aina ya chura umeumbika kwa mahali fulani na kwa namna fulani ya kuishi. Miguu yake, kinywa chake, ngozi yake na ncha za vidole vyake huonyesha anakoishi, anachokula na jinsi anavyojiokoa na adui. Hali kadhalika huonyesha mahali ambapo hawezi kuishi. Mwenye kulijua jambo hili ataelewa kwa nini ukanda wa matete ukifyekwa, baadhi ya vyura hawahami bali hutoweka. Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa kuanzia na vyura tulio nao hapa kwetu, khalafu yanatoa mifano ya mahali pengine, na mwisho yanataja wajibu wa kila mmoja wetu.

JINA MOJA, WANYAMA WENGI

Lugha yetu hutumia neno moja, chura, kwa wanyama ambao wataalamu huwagawa katika jamii nyingi. Tanzania ina zaidi ya aina 200 za amfibia, na walio wengi miongoni mwao ni vyura. Kwa matumizi ya kawaida yatosha kuwagawa katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni la vyura wenye ngozi kavu yenye vinundu, mwili mnene na miguu mifupi. Hao ndio wanaotambaa nyuani kwetu usiku. Kundi la pili ni la vyura wenye ngozi laini na nyororo, ambao aghalabu huonekana karibu na maji au juu ya mimea ya majini. Mgawanyo huu si kamili, walakini humsaidia mtazamaji kuanza.

Jambo la msingi ni hili. Amfibia hana magamba kama mjusi wala manyoya kama ndege. Maji hupita katika ngozi yake kwa urahisi, yakiingia na yakitoka. Kwa hiyo chura yeyote ana shida mbili za kila siku: asikauke, na asiliwe. Tofauti kubwa za maumbo tunazoziona zinatokana kwa sehemu kubwa na njia mbalimbali za kuzikabili shida hizo mbili, pamoja na ile ya kupata chakula na kuzaa.

CHURA WA NYUANI

Tuanze na yule tunayekutana naye kila siku. Jina lake la kisayansi ni Sclerophrys gutturalis, na katika vitabu vya zamani aliitwa Bufo gutturalis. Anapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na ya Kusini. Ni mkubwa kiasi. Jike aliyekomaa aweza kufikia sentimita 10 au kuzidi kidogo kutoka puani hadi matakoni, na dume huwa mdogo kuliko jike. Mgongo wake una madoa ya kahawia iliyoiva, na juu ya kichwa, baina ya madoa hayo, pana alama ya rangi hafifu yenye umbo la msalaba.

Mwili wake ni wa mviringo na mnene. Umbo hilo lina faida. Kitu cha mviringo kina eneo dogo la nje kwa kulinganisha na ujazo wake, na kwa sababu hiyo hupoteza maji polepole kuliko kitu chembamba chenye ujazo ule ule. Ngozi yake ya mgongo ni nene na yenye vinundu, lakini ngozi ya chini ya tumbo na mapajani ni nyembamba. Chura huyu hanywi maji kwa kinywa. Hukaa juu ya udongo wenye unyevu akiubana kwa tumbo, na maji huingia mwilini kupitia hapo. Ndiyo maana humwona amejibandika chini ya mtungi unaovuja au kandokando ya bomba. Si kwamba amejificha tu; anakunywa.

Miguu yake ya nyuma ni mifupi, na kwa hiyo hawezi kuruka mbali. Hupiga hatua fupi fupi za kudunda, na mara nyingine hutembea kwa miguu minne. Hata hivyo anachokosa katika mwendo wa ghafla hukipata katika ustahimilivu. Wataalamu waliopima mwendo wa vyura wamebainisha kuwa wale wenye miguu mirefu huruka kwa nguvu nyingi lakini huchoka upesi, ilhali wale wenye miguu mifupi wa jamii hii huweza kuendelea na mwendo wao mdogo kwa muda mrefu. Chura wa nyuani huzunguka usiku kutafuta wadudu, na kabla ya jua kupanda hurudi chini ya jiwe, chini ya gogo au katika shimo. Majabali yaliyozagaa katika Jiji la Mwanza na visiwani yana nyufa nyingi zenye kivuli na unyevu, na nyufa za namna hiyo ni makao yanayomfaa.

Maadamu hawezi kukimbia, hujilinda kwa sumu. Nyuma ya kila jicho ana tezi kubwa iliyovimba ambayo hutoa utomvu mweupe anapobanwa. Mbwa anayemng'ata huanza kutoa povu mdomoni na aweza kudhurika sana. Kwa mwanadamu sumu hiyo haina madhara ikiwa chura ameachwa kwa amani, lakini anayemshika anapaswa kunawa mikono kwa sabuni na asijiguse machoni kabla ya kunawa. Ni marufuku kwa mwenye akili kumla chura wa jamii hii. Kumpika hakuiondoi sumu. Ama habari kwamba kumgusa chura huleta chunjua, hiyo si kweli. Chunjua za ngozi ya binadamu huletwa na virusi, na vinundu vya chura ni tezi zake mwenyewe.

Hivyo basi, umbo na mwenendo wa chura huyu ni kitu kimoja. Mwili mnene, miguu mifupi, sumu na mwendo wa polepole vinakwenda pamoja, na vinamwezesha kuishi mbali kidogo na maji. Lakini hata yeye hana budi kurudi majini kuzaa. Jike hutaga maelfu ya mayai yaliyopangwa kama shanga katika nyuzi ndefu za utelezi, ndani ya maji yaliyotulia yasiyo na kina kirefu. Viluwiluwi vyake vyeusi huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuota miguu. Dimbwi likifukiwa katika wiki hizo, uzao wote wa mahali pale umekwisha kwa msimu huo.

CHURA WA MAJINI NA JINA LA ZIWA LETU

Mfano wa pili ni kinyume kabisa cha wa kwanza. Katika malambo, mabwawa, majaruba ya mpunga na visima vya wazi hupatikana chura bapa, mtelezi, mwenye macho madogo yaliyo juu ya kichwa badala ya pembeni. Jina lake la kisayansi ni Xenopus victorianus, yaani limetokana na jina la ziwa letu. Mtaalamu wa Kijerumani, Ernst Ahl, alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1924 kutokana na vielelezo vilivyotoka Busisi, upande wa pili wa ghuba kutoka Kigongo. Wasafiri wanaopita leo juu ya Daraja la J. P. Magufuli, lililofunguliwa mwezi Juni 2025, huteremkia mahali ambapo chura huyu alipata jina lake.

Chura huyu hukaa majini takriban maisha yake yote. Ubapa wa mwili wake humwezesha kupenya majini bila kukingwa sana, na macho yaliyo juu humwezesha kumwona ndege anayekuja kutoka angani huku yeye akiwa ameelea. Miguu yake ya nyuma ni minene yenye misuli mikubwa, na vidole vyake virefu vimeunganishwa na utando mpana kama kafi. Vidole vitatu vya ndani vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi anazozitumia kurarua chakula. Mikono yake ni midogo na myembamba. Haimfai kwa kutembea, bali huitumia kusukumia chakula kinywani, kwani hana ulimi.

Kando ya ubavu wake, kuanzia kichwani, pana mistari midogo midogo iliyofanana na mishono ya uzi. Hiyo ni viungo vya hisia, kama vile vilivyo kwa samaki. Kwavyo huhisi mtikisiko wa maji na kumtambua mdudu au kiluwiluwi anayepita hata katika maji ya tope ambamo macho hayafai kitu. Chura wa nyuani hupoteza viungo hivyo anapoacha kuwa kiluwiluwi. Huyu wa majini hubaki navyo hadi uzeeni.

Ukimweka chura huyu katikati ya uwanja mkavu wakati wa jua kali, hawezi kujisaidia. Usiku wa mvua aweza kujikokota kutoka bwawa moja hadi jingine lililo karibu, na bwawa linapokauka huweza kujizika katika tope akisubiri mvua. Zaidi ya hapo hana njia. Mwili uliomfanya awe fundi majini ndio unaomfanya awe dhaifu nchi kavu.

WENYE MATETE, WENYE NYASI NA WENYE UDONGO

Baina ya wawili hao wapo wengine, na kila mmoja amechukua sehemu yake ya mwambao.

Katika matete na mafunjo hukaa vyura wadogo sana wa jenasi ya Hyperolius, ambao wengi wao hawazidi urefu wa kifundo cha kidole gumba. Ncha za vidole vyao zimepanuka kama visahani, na kwa visahani hivyo hushikilia jani lililosimama wima bila kuteleza. Wepesi wao ni sehemu ya mpango huo, kwani chura mzito angelikunja jani na kuanguka. Sauti kali za vipande vipande zinazosikika usiku kutoka ziwani mara nyingi ni za madume wa vyura hawa wakiwaita majike. Sauti ni kubwa, mwenyewe ni mdogo.

Katika nyasi fupi za kandokando ya majaruba hukaa vyura wa jenasi ya Ptychadena. Hawa wana pua iliyochongoka, mwili mwembamba, michirizi iliyoinuka mgongoni, na miguu ya nyuma iliyo mirefu sana kuanzia pajani hadi muundini. Mkulima anayepita tutani huwasikia kabla ya kuwaona: mruko mmoja wa ghafla, na chura ametumbukia majini au amepotea nyasini. Jamaa yao mmoja, wa aina ya Ptychadena oxyrhynchus, alipimwa nchini Afrika Kusini mwaka 1977 akaenda mita 10.3 kwa miruko mitatu iliyofuatana. Chura wa namna hii hana sumu kali ya kumtegemea. Kinga yake ni kuondoka upesi, na kwa hiyo anahitaji maji au nyasi za kukimbilia zilizo karibu. Nyasi zote zikichomwa moto, miguu yake mirefu haina pa kumpeleka.

Katika udongo wa savana za Tanzania yupo chura mchimbaji, Hemisus marmoratus. Mwili wake ni kama kibofu kilichojaa, kichwa ni kidogo, na pua yake ni ngumu na imechongoka kama ncha ya sururu. Vyura wengi wanaojizika huchimba kwa miguu ya nyuma na kuzama kinyumenyume. Huyu huchimba kwa pua na kuingia kichwa mbele. Jike hutaga ndani ya shimo karibu na mahali ambapo maji yatajikusanya, hubaki akiyalinda mayai, na mvua zikijaa huchimba njia ili viluwiluwi wafike majini. Kinywa chake chembamba kinafaa kwa mchwa na sisimizi, si kwa mdudu mkubwa.

Kanuni hiyo ya kinywa ni ya jumla. Chura mwenye kichwa kipana na taya refu aghalabu humeza windo kubwa mojamoja, na mwenye kinywa chembamba hula wadudu wadogo wengi.

VYURA WA MILIMANI WASIOTAGA MAJINI

Tukitoka ziwani na kuelekea mashariki na kusini mwa nchi yetu, tunaikuta milima ya kale yenye misitu ya mvua: Usambara, Uluguru, Ukaguru, Udzungwa na mingineyo. Huko jamii ile ile ya vyura wenye ngozi kavu imechukua maumbo mengine kabisa. Baadhi yao ni wadogo, wembamba na wenye miguu mirefu kuliko ya ndugu zao wa tambarare, nao hupanda vichakani usiku na kulala juu ya majani. Mwaka 2002 wataalamu walieleza mmoja wao wa milima ya Ukaguru, akapewa jina lililotoka katika lugha yetu: Churamiti maridadi. Ni fahari kwa Kiswahili kuingia katika orodha ya majina ya kisayansi ya dunia.

Ajabu kubwa zaidi ya milima hiyo ni jenasi ya Nectophrynoides. Majike wake hawatagi mayai majini. Huhifadhi vijusi ndani ya mwili na kuzaa vyura wadogo waliokwisha kamilika. Jambo hilo lilijulikana kwa wanasayansi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2025 watafiti waliongeza aina tatu mpya katika jenasi hiyo, zote za Tanzania. Vyura wanaozaa ni wachache mno duniani, hawafikii asilimia moja ya aina zote zinazojulikana.

Sababu yaeleweka tukirudi kwenye makao yao. Katika mteremko mkali wa mlima maji hayatulii, hukimbia. Uzi wa mayai wa chura wa nyuani ungechukuliwa na mkondo. Kuzaa humwondolea chura wa milimani haja ya dimbwi. Lakini faida hiyo ina gharama yake. Jike mdogo huweza kubeba watoto wachache tu, ilhali yule wa nyuani hutaga maelfu. Watu wachache hawazibi pengo upesi, na ndivyo ilivyo kwa vyura pia: wakipungua huchukua muda mrefu kuongezeka.

MAHALI HUBADILI UMBO

Wapo watakaouliza: ikiwa umbo hufuata mahali, je, chura akihamishwa hatabadilika? Jibu ni kwamba kizazi cha vyura chaweza kubadilika, lakini chura mmoja mmoja hawezi.

Mwaka 1922 chura yule yule wa nyuani, Sclerophrys gutturalis, alipelekwa kutoka Afrika Kusini hadi kisiwa cha Mauritius ili ale wadudu waharibifu wa miwa, na baada ya miaka michache akafikishwa kisiwa jirani cha Réunion. Watafiti waliolinganisha vyura wa visiwa hivyo na wale wa Durban walitoa matokeo yao mwaka 2020. Majike wa Mauritius walikuwa wamepungua urefu kwa takriban theluthi moja, na wale wa Réunion kwa takriban robo. Miguu nayo ilikuwa imefupika. Hayo yametokea katika muda usiozidi miaka 100.

Nchini Australia mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1935 chura mkubwa wa Amerika alipelekwa huko kutoka Hawaii, vilevile kwa ajili ya wadudu wa miwa. Hakuwamaliza wadudu, alienea mwenyewe. Hapo awali alisonga mbele kwa takriban kilomita 10 kwa mwaka, na baadaye akafikia zaidi ya kilomita 50 kwa mwaka. Watafiti waliosubiri mbele ya msafara huo walieleza mwaka 2006 kwamba vyura waliotangulia kufika walikuwa na miguu mirefu kuliko waliochelewa. Wenye miguu mirefu hutangulia, huzaana wenyewe kwa wenyewe kule mbele, na watoto wao hurithi miguu hiyo. Lakini hata ushindi huo una maumivu yake, kwani baadhi ya vyura wakubwa wa huko walionekana kuugua viungo vya uti wa mgongo.

Mifano hii miwili yatufundisha mambo mawili. Kwanza, kumhamisha mnyama kutoka mahali pake ni jambo la hatari hata kama nia ni njema. Pili, mabadiliko ya umbo huhitaji vizazi vingi na vyura wengi walionusurika. Aina iliyo chache, katika eneo dogo, ikipatwa na mabadiliko ya ghafla haipati nafasi hiyo.

FUNDISHO LA KIHANSI

Fundisho hilo tunalo hapa hapa nchini. Katika korongo la mto Kihansi, kwenye miinuko ya Udzungwa, watafiti waligundua mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefikia sentimita tatu, wa jenasi ile ya Nectophrynoides. Alipewa jina Nectophrynoides asperginis. Makao yake yote duniani yalikuwa vipande vya uwanja wenye kurushiwa manyunyu ya maporomoko, ambavyo kwa jumla havikuzidi hekta chache. Udogo wake, ngozi yake nyembamba na uzazi wake wa watoto wachache vilifaa kabisa mahali penye ukungu wa maji mchana na usiku, na havikufaa mahali pengine.

Mradi wa umeme wa Kihansi, wenye uwezo wa megawati 180, ulikuwa wa lazima kwa Taifa. Mradi ulipoanza kufanya kazi karibu na mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakauka. Serikali na washirika wake waliweka mabomba ya kunyunyizia maji, na vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Pamoja na juhudi hizo, ugonjwa wa kuvu wa ngozi nao ukaingia, na idadi ikaporomoka. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili. Mwaka 2010 kizazi cha vyura waliotunzwa ughaibuni kilirejeshwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza.

Kazi hiyo imehitaji fedha, wataalamu, ndege na miaka mingi. Lau umuhimu wa manyunyu yale kwa mwili wa chura yule ungalijulikana mapema, gharama ingalikuwa ndogo. Mradi wa mwambaoni mwetu huenda ni mdogo kuliko wa Kihansi: mtaro, gati, jaruba, kiwanja cha soko. Lakini kanuni ni ile ile.

WAJIBU WETU

Yafaa ieleweke kwamba chura hawezi kuchukua nafasi ya chandarua wala ya dawa ya hospitali. Hula wadudu wengi, wakiwemo waharibifu wa mazao, lakini hamalizi malaria. Faida yake nyingine ni kuwa shahidi. Kwa kuwa ngozi yake hupitisha maji na vilivyomo majini, huwa miongoni mwa wa kwanza kudhurika maji yanapochafuka. Ukanda wa matete uliokuwa na sauti kila usiku ukinyamaza wakati wa mvua, watu wanaoteka maji hapo wanapaswa kuuliza kwa nini.

Kwa hiyo wananchi na watumishi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zenye kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ukanda huo ndio makao ya vyura wa matete na wa nyasi, na ndio unaochuja maji ya mvua kabla hayajaingia ziwani. Kufyeka mafunjo na kuchoma matete katika ukanda huo hakufai.

2. Maafisa wa ujenzi na watendaji wa vijiji, kabla ya kufukia dimbwi au kuchimba mtaro, wachunguze kwanza. Kidimbwi cha takataka karibu na nyumba ni cha kuondolewa kwa ajili ya afya. Bwawa la asili lenye viluwiluwi si la kufukiwa bila ushauri wa Afisa Mazingira wa Halmashauri.

3. Vyombo vya kupulizia dawa za mashamba visioshwe katika majaruba, malambo au ziwani. Dawa hupita katika ngozi ya chura, na maji hayo hayo hunywewa na mifugo na watu.

4. Chura aliyeingia nyumbani asimwagiwe chumvi. Chumvi humkausha akiwa hai. Atolewe kwa ufagio au kwa ndoo na kuachwa nje gizani, na aliyemgusa anawe mikono. Kumpiga kwa kumdhania kuwa ametumwa na mchawi hakuna msingi. Ametumwa na njaa, na wadudu wako chini ya taa.

5. Mtu asichukue chura wa mahali pamoja na kumwachia mahali pengine, hususan kutoka bara kwenda kisiwani au kinyume chake. Magonjwa ya ngozi ya vyura husafiri pamoja nao.

6. Walimu wanaowafundisha watoto habari za vyura wawaongoze kutazama kutoka ukingoni. Watoto wasiingizwe katika maji ya kina kifupi kuwatafuta, kwani ndimo yanamopatikana maambukizi ya kichocho.

Mwenye kutaka kuanza kujifunza hana haja ya vifaa. Atoke nje usiku mmoja wa mvua akiwa na tochi, na atazame mambo manne: urefu wa miguu ya nyuma, ncha za vidole, mahali yalipo macho, na upana wa kinywa. Miguu mifupi na mwili mnene: huyo ni mtembezi wa nchi kavu. Miguu mirefu na pua kali: huyo ni wa nyasini. Visahani vidoleni: huyo ni wa matete. Ubapa na macho ya juu: huyo ni wa majini. Akishamtambua, atazame na mahali alipomkuta, na ajiulize kama mahali hapo patakuwapo mwakani. Jibu la swali hilo halimo katika uwezo wa chura. Limo mikononi mwa wenye mashamba, wenye viwanja na wenye mamlaka ya kugawa ardhi, nao ndio tunaowaomba wayazingatie haya.

Maelezo zaidi yanaweza kupatikana kwa Afisa Mazingira wa Halmashauri au kwa Mtendaji wa Kata iliyo karibu.